Aliyezaliwa Ng'ombe Wakirudi

Daftari la wakulima katika kituo cha kupoza maziwa cha Siongiroi, ukilisoma polepole, ni saa. Korir ni giza la mwisho kabla ya alfajiri. Koech ni kupambazuka kwenyewe. Mutai ni asubuhi. Ng'etich ni ng'ombe wakiinuka kwenda malishoni. Bett ni mchana, jua likiwa juu. Rono ni mbuzi na kondoo wakirejea, Rotich ni ng'ombe wakiingia bomani, Lang'at ni magharibi giza likishuka, na Kemboi ni usiku. Siku nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, imesimama foleni na mitungi yake ya maziwa.

Siongiroi iko kusini mwa Kaunti ya Bomet, katika eneo bunge la Chepalungu. Msafiri aliyepita Kericho akielekea Bomet hubeba picha moja tu kichwani: chai iliyokatwa sawasawa mlima hadi mlima, na wachumaji wenye vikapu mgongoni. Lakini chai hutaka nyanda za juu na mvua isiyochoka. Huku Chepalungu ardhi imeshuka na kukauka kidogo, na mali ya watu ni ng'ombe na mahindi. Kwa hiyo atakaye kuyaelewa majina ya Wakipsigis, Wakalenjin wa huku, afadhali aanzie huku kuliko kwenye mashamba ya chai. Majina yenyewe yalitungwa na watu waliopima siku kwa mwendo wa mifugo, na Siongiroi bado inaamka kwa kukama.

Utaratibu wake ni mwepesi. Mtoto wa kiume hupewa Kip- au Ki- mwanzoni, wa kike Chep- au Che-; Wanandi na Wakeiyo wengi huandika Jep-. Kinachofuata ni habari ya kuzaliwa kwake. Ng'ombe wakirudi, mvulana ni Kiprotich, msichana ni Cherotich. Mvua ikinyesha ni Kiprop na Cherop. Kiangazi ni Kipkemei na Chepkemei. Njaa ikiwa imeingia nchini ni Kiprugut na Cherugut. Wapo wanaokwenda kinyume na kanuni: Cheruiyot ni mwanamume ingawa jina lake limeanza kwa Che-, na habari yake ni kwamba alizaliwa watu wamelala. Timothy Cheruiyot, mzaliwa wa Bomet aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 1500 kule Doha mwaka 2019, analibeba jina hilo.

Hadi hapo mambo ni ya saa na majira, na hakuna wa kushangaa. Raha inaanza pale habari inapokuwa ya nyumba yenyewe. Kipsang alizaliwa nje, mama hakuwahi kuingia ndani. Kipketer alizaliwa barazani. Kipchoge alizaliwa penye ghala la nafaka. Kimaiyo alikuta watu wana pombe. Kiptoo alikuja siku moja na wageni, Kipruto alizaliwa safarini, Kiptum alizaliwa wakati wa sherehe za jando, Kipchirchir alizaliwa kwa haraka kabla watu hawajajipanga. Na Kiptanui, masikini, alizimia alipozaliwa, na wanawake wakahangaika naye mpaka akavuta pumzi.

Soma tena orodha hiyo ukiwaza aliyekuwa akizaa. Kila jina ni taarifa fupi kutoka kwa watu waliokuwapo, na waliokuwapo walikuwa wanawake: mama, mkunga, shangazi, jirani aliyeitwa kwa kelele. Wanaume walisubiri mbali. Kwa hiyo jina la Kipsang ni ushahidi wa wanawake kwamba uchungu ulimshika mwenzao akiwa shambani au njiani kutoka kisimani, na kwamba yote yalikwenda salama. Historia zetu zilizoandikwa zimejaa machifu, vita na mikataba. Ya uzazi haimo humo. Imo katika majina, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kumbukumbu kubwa kuliko zote ambayo wanawake wa nchi hii waliiacha bila kushika kalamu.

Jina hilo la kuzaliwa lilikuwa moja kati ya kadhaa. Mtoto alikuwa pia na jina la roho, la kurenet, lililomrudisha mmoja wa marehemu wa ukoo. Wanawake wazima walikusanyika, wakampaka mtoto ugoro puani, kisha wakataja majina ya wahenga mmoja baada ya mwingine. Jina lililotajwa mtoto akapiga chafya ndilo lililokuwa lake: mhenga amekubali, amerudi. Mtoto mwenye siku chache duniani alikuwa na neno la mwisho katika kuchagua jina lake. J. G. Peristiany, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyekaa na Wakipsigis na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1939, na Ian Orchardson, Mwingereza aliyeishi kwao kwa miongo mingi na kuoa kwao, wote wawili waliyapa mambo haya nafasi katika maandishi yao. Kila kogo, yaani bibi, wa Siongiroi aliyeshika mtoto kwenye shughuli hiyo angeweza kuwafundisha zaidi.

Kulikuwa na majina mengine ambayo masikio ya leo huyaona ya ajabu au hata ya kikatili, nayo yalitoka kwenye uchungu. Familia iliyozika watoto wawili au watatu mfululizo haikumpa wa nne jina la kujivunia. A. C. Hollis, aliyechapisha kitabu chake juu ya Wanandi, ndugu wa karibu wa Wakipsigis, mwaka 1909, anaeleza kwamba nyumba iliyofiwa hivyo ilimlaza mtoto mchanga kwa dakika chache kwenye njia wapitayo fisi, ikitumaini kwamba fisi watamwombea kwa roho za waliokufa. Akipona, jina lake lilikumbusha jambo hilo. Waswahili wa pwani wanalijua hili vizuri. Kombo, Tabu, Mashaka, Shida, Matatizo: watu wazima wenye heshima zao wamezeeka na majina hayo Mombasa, Tanga na Unguja, na wengi wao walipewa na mama aliyeogopa kumpenda mtoto kwa sauti kubwa mapema mno. Anayecheka jina la Shida hajui ni kaburi gani lililotangulia.

Sasa hapa pana jambo ambalo watu wa nje hulikosa. Jina la kuzaliwa halikutungwa limshike mtu maisha yote. Kijana alipotoka jandoni alipewa jina la utu uzima: arap, yaani mwana wa, likifuatwa na jina la baba lililovuliwa Kip-. Mtoto wa Kiprotich akawa arap Rotich. Mfano unaojulikana na kila Mkenya ni wa rais wa pili wa nchi. Baba yake aliitwa Kimoi arap Chebii. Yeye mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1924 kwa Watugen wa Baringo, Wakalenjin wenzao, aliitwa Toroitich, jina lenye kukaribisha ng'ombe nyumbani. Na alipokuwa mtu mzima akawa arap Moi, mwana wa Kimoi. Jina la utotoni lilibaki kwa mama, kwa dada zake, na kwa marika waliochunga naye. Mtu mzima aliyezaliwa penye pombe hakuitwa Kimaiyo mbele ya wakwe zake. Lilikuwa jina la nyumbani, la kutaniwa nalo ukiwa mdogo na kuwekwa kando ukikua.

Karatasi ndiyo iliyobadilisha hayo, na karatasi ilikuja na kazi ya mshahara.

Sheria ya usajili wa Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume wa Kiafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye jina lake, jina la baba, kabila, alama za vidole na rekodi ya waajiri wake, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni kwa kamba. Katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikafungua mashamba makubwa ya chai Kericho, na maelfu ya watu wakaja kuandikwa kazi: Wakipsigis kutoka huku chini, Waluo kutoka ziwani, Wakisii, Waluhya. Karani alikaa mezani, akauliza jina, akaandika alichosikia.

Hebu tazama kilichotokea pale mezani. Mtu mmoja alikuwa na jina la kuzaliwa, jina la kurenet, jina la arap na jina la ukoo, kila moja na mahali pake pa kutumika. Karani alitaka mawili. Kiprotich akiwa na watoto watano wa kiume waliotoka jandoni, wote watano waliweza kujiandikisha kama arap Rotich, na mwajiri asitofautishe mmoja na mwingine ila kwa nambari na kidole. Kwa hiyo jina la utotoni likaitwa tena kazini, likaandikwa mbele, na arap likaanza kupungua. Ndivyo zilivyozaliwa jozi tunazozisikia leo. Robert Kipkoech Cheruiyot, aliyeshinda mbio za marathon za Boston mara nne, ni mtu aliyezaliwa alfajiri, mtoto wa aliyezaliwa watu wamelala. Kibet Rotich atakuwa mchana, mtoto wa jioni. Saa ya mtoto na saa ya baba zimekaa bega kwa bega kwenye kitambulisho kimoja, na fomu za serikali huiita ya pili jina la ukoo, wakati ukoo wenyewe wa Mkipsigis, oret yake, haumo kabisa katika karatasi hiyo.

Wanawake walipata la kwao. Bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mara tatu mfululizo, Rio, Tokyo na Paris, dunia nzima inamwita Kipyegon, jina la kiume, kwa sababu ni la baba. Jina alilopewa yeye mwenyewe limo katikati, na watangazaji hulipita mbio: Faith Chepng'etich Kipyegon. Alizaliwa ng'ombe wakienda malishoni.

Baada ya karani akaja mchungaji. Misheni zilitaka jina la ubatizo, shule zikafuata, na Wakipsigis wakaingia kwenye Biblia na kuchagua. Hawakuchagua Petro na Yohana peke yao. Walikwenda ndani kabisa: Hezekia, Eliud, Japheth, Asbel. Eliud anatajwa katika orodha ya vizazi mwanzoni mwa Injili ya Mathayo, mahali ambapo wasomaji wengi huruka mistari, lakini kuna aliyesoma mpaka pale, akalipenda jina, akalipa mtoto. Mimi huona heshima kubwa katika usomaji huo. Na wale wamishenari wenyewe walikuwa na babu zao wa ajabu: katika Uingereza ya karne ya 17 wacha Mungu wakali waliwapa watoto wao sentensi nzima, na Bunge la mwaka 1653 linakumbukwa kwa jina la mmoja wa wajumbe wake, Praise-God Barebone. Mtu aliyeitwa Msifu Mungu hakuwa mbali na mtu aliyeitwa Karibisha Ng'ombe.

Yakaja pia majina ya Kizungu yasiyo ya Biblia, na hapo Wilson alipata ufalme wake. Wilson Kiprugut, kijana wa Kericho, ndiye Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki: shaba ya mita 800 Tokyo mwaka 1964, halafu fedha Mexico mwaka 1968. Wilson Kipketer alikimbia mita 800 kwa dakika 1:41.11 mwaka 1997, akiikimbilia Denmark. Wilson Kipsang aliweka rekodi ya dunia ya marathon Berlin mwaka 2013, saa 2:03:23. Ukivua hao Wilson watatu, unabaki na mtoto wa njaa, mtoto wa barazani na mtoto wa nje.

Riadha ndiyo iliyoyatoa majina haya bomani na kuyapeleka kwenye mbao za matokeo za dunia, na mambo mengine ya kuchekesha yakatokea njiani. Kipchoge Hezekiah Keino alipomshinda Jim Ryun wa Marekani Mexico mwaka 1968, magazeti ya nje yalikuwa yamekwisha kumfupisha. Wakamwita Kip. Hilo ni sehemu ile inayosema tu kwamba mtoto ni wa kiume. Habari yenyewe, lile ghala, waliitupa. Hata hivyo Mzee Keino alilichukua kwa upole wake wa kawaida, na Kip Keino likawa jina linalopendwa. Miaka mingi baadaye akaja Kipchoge mwingine, Eliud, na safari hii dunia ilijifunza kutamka ghala zima. Tarehe 12 Oktoba 2019 huko Vienna alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1:59:40.

Kuna majina ambayo ukiyapanga na kazi za wenyewe hutaacha kutabasamu. Moses Kiptanui, wa jina la mtoto aliyezimia, ndiye mtu wa kwanza kukimbia mita 3000 kuruka viunzi na maji chini ya dakika 8; ilikuwa Zürich, mwaka 1995. Halafu kuna ukoo mzima wa haraka, ijapokuwa hawana undugu wa damu. Bernard Lagat, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mita 1500 na 5000 kule Osaka mwaka 2007 akiiwakilisha Marekani, jina lake la kati ni Kipchirchir. Brigid Kosgei, aliyekimbia marathon ya Chicago mwaka 2019 kwa saa 2:14:04 na kuvunja rekodi iliyodumu miaka 16, ni Jepchirchir. Peres, aliyeshinda dhahabu ya marathon katika Olimpiki ya Tokyo, ni Jepchirchir. Na rais wa tano wa Kenya, William Ruto, ambaye hajulikani kwa kwenda polepole, naye ni Kipchirchir. Waliozaliwa kwa haraka hawakutulia.

Jina ninalolipenda kuliko yote katika historia hii ni Chepchumba. Wazungu kwa Kikalenjin ni chumbek, na mtoto aliyezaliwa karibu nao, kwenye shamba lao au mikononi mwa daktari wao, aliitwa Kipchumba au Chepchumba. Fikiria mwanamke wa miaka ya 1930 au 1940 aliyeacha nyumba ya mama mkwe wake na kwenda kuzalia kituo cha misheni. Tenwek, karibu na mji wa Bomet, ilianza kama kituo kidogo cha Wamarekani wa World Gospel Mission katika muongo huo wa 1930. Daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury, hakufika hadi mwaka 1959. Mama aliyekwenda huko alisemwa. Akarudi na mtoto mzima, na wanawake wa nyumbani, ambao hawakuwapo kushuhudia lolote, wakampa mtoto jina la mahali. Jina hilo linaonyesha mwaka baada ya mwaka jinsi hospitali ilivyoingia katika maisha ya watu. Joyce Chepchumba, mzaliwa wa Kericho wa mwaka 1970, alishinda marathon ya London mara mbili na kupata shaba ya Olimpiki Sydney mwaka 2000.

Leo kanuni hiyo ingeshikwa vilivyo, Chepalungu yote ingekuwa Chepchumba. Tangu Juni 2013, serikali ilipoondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma, kina mama wengi wanakwenda hospitali ya Longisa na vituo vya afya vya karibu, na daktari wanayemkuta huko ni Mkalenjin mwenzao. Mzungu ametoka kwenye hadithi, na jina limepungua pamoja naye. Saa imebaki. Muuguzi huitazama ukutani, na mama huanza kuchagua kati ya Chebet na Chelang'at kabla hajapanguswa jasho. Upasuaji wa kupangwa umeleta jambo jipya kabisa: saa ya kuzaliwa sasa inaandikwa kwenye ratiba ya daktari wiki moja mbele, na kwa kuwa madaktari hupenda kufanya kazi mchana, Kibet na Chebet wanaongezeka.

Hapo ndipo ninapotaka kuyaweka yale majina yanayochekwa magazetini. Rais Barack Obama alipozuru Kenya Julai 2015, mama mmoja wa Siaya alimwita mwanawe mchanga AirForceOne, kwa ndege iliyomleta rais. Nchi nzima ilicheka. Magazeti ya nje yakacheka zaidi. Miaka saba nyuma yake, Novemba 2008, wodi za Kisumu zilijaa kina Barack na Michelle usiku wa matokeo ya Marekani. Papa Francis alipokuja Novemba 2015, watoto wakapewa jina lake. Kabla ya hao wote kulikuwa na kina Kennedy, waliojaa nchi nzima baada ya wakfu wa familia hiyo kusaidia kuwapeleka wanafunzi wetu Marekani kwa ndege mwaka 1960. Na Nixon Kiprotich, aliyepata fedha ya mita 800 Barcelona mwaka 1992, alizaliwa Desemba 1962, wakati Richard Nixon alikuwa ameshindwa urais na Kennedy na kushindwa tena kule California mwezi mmoja tu kabla. Mtu alikuwa akisikiliza redio, na hakuwachagulia watoto washindi peke yao.

Kwa mtu aliyelelewa na Kiptoo na Kipruto, AirForceOne ni jina la kawaida kabisa. Mgeni alikuja, mtoto akazaliwa, jina likasema hivyo. Waluo wa Siaya wenyewe walikuwa na mtindo uleule tangu zamani: Okoth wa mvua, Otieno wa usiku, Odhiambo wa alasiri. Wabukusu wana Wafula wa mvua, Wanjala wa njaa, Wekesa wa mavuno, na Wanyonyi wa wakati wa palizi, jina ambalo Emmanuel Wanyonyi alilivalisha dhahabu ya mita 800 Paris mwaka 2024. Wakamba wana Kyalo wa safari na Mutuku wa usiku. Mama wa Siaya hakuiacha mila. Aliifuata mpaka uwanja wa ndege.

Kuna nchi ambazo zisingemruhusu. Iceland ina kamati ya majina tangu mwaka 1991, na jina lisilokuwa katika orodha yake halina budi kuombewa kibali. New Zealand, mwaka 2008, jaji alimweka msichana wa miaka 9 chini ya ulinzi wa mahakama ili abadilishiwe jina lililokuwa sentensi nzima juu ya kucheza hula Hawaii; mtoto alikuwa akiwaficha hata rafiki zake. Kwetu hakuna kamati ya namna hiyo, na mtu mzima asiyelitaka jina lake huapa hati ya kubadilisha jina, tangazo likatoka katika Gazeti Rasmi la Serikali. Naona tuko sawa bila kamati. Lakini hoja ya yule jaji siipuuzi, maana inagusa kile ambacho Wakipsigis walikuwa wamekitatua kwa jando: walimpa mtoto jina la kuchekesha kwa sababu walijua ataliacha. Cheti cha kuzaliwa hakina jando. Jina lililoandikwa siku ya tatu litakaa kwenye shahada, pasipoti, hati ya shamba na jiwe la kaburi. Mama anayetaka kuandika ndege ya rais, au kombe la mpira, au ugonjwa uliokuwa ukitangazwa mwaka huo, na apime jinsi litakavyosikika mwanawe akiitwa katika mahojiano ya kazi akiwa na miaka 30. Mila ilimpa jina la pili. Naye ampe la pili, aliandike humo humo kwenye cheti.

Kuna hatari nyingine isiyochekesha, nayo ndiyo inayonisumbua zaidi. Majina yenyewe hayatakufa. Kip na Chep yako salama, na watoto wa Nairobi, Eldoret na hata Minnesota wanapewa kwa fahari. Kinachopotea ni habari. Mtoto aliyezaliwa saa nane usiku anaitwa Kibet kwa kuwa babu aliitwa Kibet, au kwa kuwa jina linapendeza. Hilo ni haki yao, na kumkumbuka babu ni jambo jema. Ila Kibet wa kwanza alizaliwa mchana fulani, mahali fulani, na kuna mwanamke aliyemwambia mwenzake jua lilikuwa wapi. Sasa ushahidi wake umekuwa sauti tu. Wanaoujua bado wapo Siongiroi, Sigor na Chebunyo. Ni kina kogo wenye miaka 70, 80 na zaidi, na wengi wao wanakumbuka vizazi vitatu vya kila nyumba katika kijiji: nani alizaliwa penye mlango, nani alikuja mama akitoka sokoni, nani aliitwa mara mbili kwa sababu hakupiga chafya mara ya kwanza.

Mtoto anapozaliwa hospitalini mama hupewa kijitabu cha kliniki, chenye mistari ya kuonyesha uzito unavyopanda na nafasi za kuandika chanjo. Kina kurasa zenye mahali patupu. Ningependa mama wa Longisa, kabla ya kurudi nyumbani, aombe kalamu kwa muuguzi aandike humo kwa nini mtoto huyu anaitwa hivi: mvua ilinyesha, wageni walikuwapo, boda boda ilikwama kwenye matope pale mtoni na nusura awe Kipruto. Karani wa usajili hatauliza. Chifu hatauliza. Mtoto mwenyewe ndiye atakayeuliza, akiwa na miaka saba hivi, siku atakapotaniwa shuleni.